Ulinzi wa anwani za barua pepe

Ulinzi wa anwani za barua pepe ni jumla ya hatua zinazochukuliwa ili anwani ya mtu au taasisi isiangukie mikononi mwa watumaji wa barua taka. Barua taka ni ujumbe wa kielektroniki unaotumwa kwa watu wengi kwa wakati mmoja bila wao kuuomba, kwa kawaida kwa ajili ya kutangaza bidhaa, kueneza programu haribifu au kutapeli. Kazi ya kukusanya anwani kwa ajili hiyo huitwa kuvuna anwani, na anayeifanya, awe mtu au programu ya kompyuta, huitwa mvunaji.

Ugumu wa jambo hili unatokana na kazi yenyewe ya anwani. Anwani isiyojulikana na mtu haina faida, na anwani inayojulikana na kila mtu huvutia wahalifu. Mfanyabiashara wa mafuta ya alizeti wa Singida anataka mnunuzi wa Nairobi au Dubai aipate anwani yake bila taabu. Lakini pale pale anapoipata mnunuzi, anaipata pia tapeli. Ndiyo maana kuificha tu anwani si ulinzi kamili, hasa kwa shule, ofisi za umma na biashara.

Historia

Barua taka ya kwanza inayojulikana ilitumwa tarehe 3 Mei 1978 nchini Marekani. Gary Thuerk, mwuzaji wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, aliwatumia tangazo watumiaji wapatao 400 wa ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Anwani zao zilichukuliwa kutoka kitabu kilichochapwa cha orodha ya watumiaji na kuandikwa moja moja kwa mkono. Kwa hiyo mavuno ya kwanza ya anwani yalitoka kwenye karatasi, jambo ambalo si geni Tanzania hata leo, kama inavyoelezwa hapa chini.

Mwaka 1994 mawakili wawili wa Arizona, Laurence Canter na Martha Siegel, walieneza tangazo la bahati nasibu ya vibali vya kuishi Marekani katika maelfu ya vikundi vya majadiliano vya Usenet. Watumiaji walikasirika sana, lakini wengine waliona kwamba tangazo la namna hiyo halina gharama kubwa, wakaiga. Baadaye zikaandikwa programu zinazopita kwenye kurasa za tovuti zikitafuta anwani usiku na mchana.

Watu wengi wa Tanzania walianza kutumia barua pepe mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kupitia vibanda vya intaneti vya mijini. Mtumiaji alilipia dakika alizokaa kwenye kompyuta. Huduma ya bure ya Hotmail ilimpa nafasi ya megabaiti 2 tu wakati huo. Kikasha kilipojaa barua taka, barua halali zilikataliwa na kurudishwa kwa mtumaji, na mwenye anwani hakujua kwamba ameandikiwa. Mtu aliyesubiri majibu ya chuo au mwito wa usaili aliweza kuukosa kwa sababu ya matangazo ya dawa. Gmail ilipoanzishwa tarehe 1 Aprili 2004 ikiwa na nafasi ya gigabaiti 1, tatizo la kujaa lilipungua kwa kiasi kikubwa. Lile la kutapeliwa lilibaki.

Namna anwani zinavyovunwa

Njia ya zamani na ya kawaida ni programu inayosoma kurasa za tovuti kama zinavyofanya injini za utafutaji. Programu hiyo haielewi maana ya ukurasa. Inatafuta alama ya @ yenye maandishi pande zote mbili na nukta upande wa kulia. Ikiiona inanakili na kuendelea. Inasoma pia mafaili ya PDF, orodha za matangazo na kurasa za zamani ambazo wenyewe wamekwisha kuzisahau.

Mwaka 2002 Tume ya Biashara ya Marekani ilifanya jaribio la kuweka anwani mpya mahali mbalimbali kwenye intaneti. Anwani moja iliyotumiwa katika chumba cha mazungumzo ilipokea barua taka kabla ya dakika 10 kwisha. Mwaka uliofuata shirika la Center for Democracy and Technology lilitoa matokeo ya jaribio lake la miezi 6. Sehemu kubwa kabisa ya barua taka zilizopokewa zilielekezwa kwenye anwani zilizokuwa zimeandikwa waziwazi katika tovuti. Anwani zilizoandikwa kwa maneno badala ya alama hazikupata barua taka hata moja katika jaribio hilo. Vilevile, anwani ilipoondolewa kwenye ukurasa, wingi wa barua taka zilizoijia ulipungua.

Njia ya pili ni kubahatisha. Programu huunganisha majina ya kawaida na vikoa vinavyojulikana, kwa mfano juma, asha, info au mkuu, kisha hutuma kwa yote. Anwani isiyorudisha barua inahesabiwa kuwa hai. Njia ya tatu ni wizi wa hifadhidata kutoka kwa kampuni zilizodukuliwa, ambapo anwani hutoka pamoja na nywila. Njia ya nne ni virusi vinavyosoma orodha ya marafiki katika kompyuta au simu iliyoambukizwa. Katika njia hizi za mwisho mwenye anwani anaweza kuwa mwangalifu kabisa na bado akavunwa, kwa sababu uzembe si wake.

Mwaka 2004 ulianzishwa mradi wa Project Honey Pot, yaani chungu cha asali. Tovuti zilizojiunga zilificha ndani ya kurasa zao anwani za mtego, na kila mgeni alipewa anwani yake tofauti. Barua taka ilipofika kwenye anwani fulani, wasimamizi walijua ni kompyuta ipi iliyoichukua, siku gani na saa ngapi. Mfugaji wa nyuki wa Manyoni au Itigi atauelewa mtego huo upesi, ingawa yeye hutundika mzinga ili kupata asali na hawa walitundika asali ili kumpata mwizi.

Hali katika mkoa wa Singida

Singida ni mkoa wa katikati ya Tanzania wenye wakazi takriban milioni 2 kwa sensa ya 2022. Unajulikana kwa alizeti, vitunguu, asali na kuku wa kienyeji. Wakazi wengi wanaishi vijijini na hufika kwenye intaneti kwa simu ya mkononi. Mtu wa Iramba, Mkalama au Ikungi huwa na barua pepe kwa sababu simu yake iliidai ilipowashwa mara ya kwanza, au kwa sababu fomu ya chuo, mkopo wa elimu ya juu au ajira haikubali kutumwa bila hiyo. Wengine hawakumbuki hata nywila yake.

Kwa sababu hiyo mavuno ya anwani katika mkoa kama huu hayaanzi mtandaoni. Mara nyingi huanzia kwenye karatasi na kwenye steshenari.

Karatasi inayohusika zaidi ni orodha ya mahudhurio. Katika semina, mkutano wa wadau au mafunzo ya kikundi, karatasi huzungushwa yenye safu za jina, mahali atokako mtu, namba ya simu, barua pepe na sahihi. Kila anayeandika huwaona wote walioandika kabla yake. Baada ya kikao karatasi hupigwa picha, huchapwa, hutumwa kwa washiriki wote, na wakati mwingine huwekwa kama kiambatisho cha ripoti kwenye tovuti ya mradi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini kuanzia hapo anwani na namba za watu 40 au 60, pamoja na vyeo vyao na vijiji vyao, ziko wazi kwa yeyote. Daftari la wageni linalokaa mezani mlangoni mwa ofisi lina kasoro hiyo hiyo.

Steshenari ni duka dogo la kuchapa, kutoa nakala na kujaza fomu za mtandaoni, na kwa vijana waliomaliza kidato cha nne au cha sita lina msaada ambao hauna mbadala. Msaidizi wa duka humfungulia mteja anwani, humchagulia nywila na pengine huandika namba yake mwenyewe ya simu pale panapotakiwa namba ya kurejesha akaunti. Wasifu wa mteja, vyeti na kitambulisho hubaki kwenye kompyuta ya duka. Siku mteja atakaposahau nywila, ufunguo uko kwa mtu mwingine, na kama mtu huyo amehama mji, anwani imepotea. Nywila moja ikitumiwa kwa wateja wote, kama inavyotokea, akijua mmoja anaweza kufungua za wengine.

Hasara huonekana pale anwani hizo zinapofika kwa matapeli. Mhitimu asiye na kazi hupokea barua inayomwita kwenye usaili na kumtaka atume fedha za fomu au za sare. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma haitozi ada ya maombi ya kazi, kwa hiyo dai lolote la namna hiyo ni dalili ya utapeli. Mwuzaji wa vitunguu au asali hupokea barua ya mnunuzi wa nje anayetaka tani nyingi bila kuuliza ubora wala bei, kisha anaombwa alipie kwanza kibali au bima. Mkuu wa shule hupokea kiambatisho kinachodaiwa kuwa waraka kutoka ngazi ya juu, nacho kina programu haribifu. Barua hizi zinamdhuru mtu zaidi kuliko matangazo ya zamani ya dawa, maana mwandishi wake ameshajua jina, kazi na mahali pa anayeandikiwa. Kuvujisha orodha ya mahudhurio ni kumpa tapeli habari ambazo vinginevyo angelazimika kuzibahatisha.

Njia za ulinzi

Njia rahisi kwa anayelazimika kuonyesha anwani hadharani ni kuiandika ili binadamu aisome na programu isiitambue, kwa mfano: asha kwenye mfano nukta tz. Wengine huweka anwani kama picha. Njia hizi hazina gharama, ila zina upungufu. Programu za kisasa zimejifunza kutambua mbinu nyingi za maneno na kusoma maandishi ndani ya picha, na mtu asiyeona anayetumia programu ya kusoma kwa sauti hawezi kuipata anwani iliyo kwenye picha. Aidha mteja mzee atashindwa kujua kwamba kwenye ni @. Kwa duka linaloandika anwani kwenye dumu la mafuta ya alizeti mbinu hii haina maana hata kidogo, kwa kuwa dumu halisomwi na programu.

Tovuti nyingi sasa hazionyeshi anwani. Huweka fomu ya mawasiliano: mgeni anaandika ujumbe katika ukurasa, na seva inaufikisha bila kumwonyesha anwani ya mpokeaji. Ili fomu yenyewe isishambuliwe, huongezwa kapcha, yaani jaribio fupi la kutofautisha mtu na programu, kama vile kusoma herufi zilizopindwa au kuchagua picha. Jina hilo lilianzishwa na Luis von Ahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Kapcha yenye picha nyingi hufunguka polepole kwenye mtandao dhaifu na hula bando la mteja, kwa hiyo haifai kila mahali.

Kwa mtu binafsi, ulinzi wenye faida kubwa kuliko yote pengine ni kuwa na anwani mbili. Moja ni ya benki, chuo, ajira na ndugu, haiandikwi katika tangazo wala orodha yoyote. Ya pili ni ya kujiandikisha mahali pengine pote. Ya pili ikichafuka inaachwa bila hasara. Huduma kadhaa, Gmail ikiwamo, huruhusu pia kuongeza alama ya + na neno baada ya jina, mfano asha+semina, na barua hufika kwenye kikasha kile kile. Mwenye anwani akipata barua taka kupitia asha+semina, anajua ni wapi ilipovuja.

Taasisi hutumia anwani ya cheo badala ya anwani ya mtu. Anwani za ofisi za serikali ya Tanzania huishia na .go.tz, na mfumo wake wa barua pepe husimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Anwani ya cheo hubaki ofisini mtumishi anapohamishwa kutoka Kiomboi kwenda Manyoni, na mwananchi anaweza kutambua kwamba barua inayodai kutoka halmashauri lakini imetumwa kwa anwani ya bure ya Yahoo au Gmail inahitaji kuhakikiwa kwa simu. Kikoa huangaliwa mwisho wake: anwani yenye maneno go.tz katikati na kitu kingine mwishoni si ya serikali.

Anayewaandikia watu wengi kwa pamoja anapaswa kuweka anwani zao kwenye sehemu ya Bcc, wala si To au Cc. Zikiwekwa kwenye Cc, kila mpokeaji huziona zote, na kila anayesambaza barua huzibeba nazo. Kosa hili ni la sekunde moja na halirekebishiki, kwani barua iliyokwisha kufika haivutwi. Kuhusu orodha ya mahudhurio, inatosha kuwa na karatasi ya jina na sahihi tu, huku namba na anwani zikichukuliwa na mwandishi mmoja katika daftari lisilozungushwa, kisha safu hizo kufutwa kabla ripoti haijatolewa.

Barua taka ikishafika, ni vizuri isijibiwe, hata kwa matusi. Jibu lolote linathibitisha kwamba anwani ina mtu. Kiungo cha kujiondoa kilicho chini ya barua ni salama katika barua za kampuni ambayo mtu aliwahi kujiandikisha kwake. Katika barua ya mtumaji asiyejulikana kinafanya kazi sawa na jibu. Kitufe cha kuripoti barua taka ni bora, kwa sababu kinakifundisha chujio cha huduma nzima.

Wasimamizi wa seva wana njia zao, hasa SPF, DKIM na DMARC, zinazoiwezesha seva inayopokea kuhakiki kama barua kweli imetoka kwenye kikoa inachodai. Hizi hazizuii anwani kuvunwa. Zinapunguza uwezo wa tapeli kujifanya shule au benki fulani.

Namba ya simu kama anwani

Kwa Watanzania wengi namba ya simu ndiyo anwani halisi: ndiyo pochi ya fedha, ndiyo inayorejesha nywila ya barua pepe. Kwa hiyo ulinzi wa kimoja hauwezi kutenganishwa na wa kingine. Ujumbe mfupi unaomtaka mtu atume ile hela kwenye namba hii badala ya ile umejulikana nchi nzima. Hutumwa kwa maelfu bila kuchagua, kwa matumaini kwamba baadhi yao wana mtu waliyeahidi kumtumia fedha siku hiyo. Ni barua taka kwa kila maana ya neno, ingawa haikupitia kompyuta.

Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na mwisho wake uliongezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Mtumiaji anaweza kupiga *106# kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, jambo muhimu kwa waliosajiliwa na mawakala wa barabarani. Namba na ujumbe wa tapeli huripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, huduma iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Sheria

Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inatambua haki ya faragha, pamoja na faragha ya mawasiliano. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakataza kutuma matangazo ya biashara yasiyoombwa, isipokuwa mpokeaji amekubali, mtumaji amejitambulisha na kueleza kusudi lake mwanzoni, na mpokeaji amepewa njia ya kukataa matangazo zaidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, inaadhibu kutuma au kusambaza ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa, na pia kughushi taarifa za mtumaji katika ujumbe huo.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Chini yake barua pepe na namba ya simu ya mtu ni taarifa binafsi, na anayezikusanya anatakiwa kueleza sababu, kuzitumia kwa sababu hiyo tu na kuzihifadhi kwa usalama. Haijalishi kama zimekusanywa kwa kompyuta au kwa kalamu. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayopokea malalamiko, ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Mwananchi wa Singida aliye na malalamiko hukabiliwa kwanza na tatizo la ushahidi, yaani kuonyesha ni nani hasa aliyeivujisha namba iliyoandikwa katika karatasi nyingi. Mbinu ya alama ya + humsaidia kwa barua pepe, lakini kwa namba ya simu hakuna kitu kama hicho.

Kenya na Uganda zilipata sheria za namna hii mwaka 2019. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya ilitangaza Septemba 2023 kuitoza kampuni ya Mulla Pride, inayokopesha kwa programu za simu, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000, kwa kutumia majina na namba za watu zilizopatikana kutoka kwa wengine na kuwapelekea wenyewe ujumbe na simu za vitisho. Waliolalamika hawakuwa wamempa mkopeshaji namba zao.